Siku moja na orodha ya standibai: Dar kwenda KIA, Desemba 22

Saa 9:45 usiku

Naamka Ukonga, na ujumbe wa shangazi kutoka Machame unanisubiri kwenye simu tangu jana: "Mwanangu, mabasi yamejaa. Huyu kijana mpenyeze basi kwenye ndege yenu." Kijana mwenyewe ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu darasa la pili, sasa yuko chuo, na ananiita mama. Namjibu shangazi kwamba nitahangaika na mabasi, ila kwa ndege haiwezekani. Sababu simwandikii. Ingemaliza ukurasa, na maji ya kuoga yanapoa.

Saa 10:50 alfajiri

Basi la shifti linatushusha Terminali 2. Mimi ni wa kaunta na geti, mwaka wa 14 sasa. Nafungua ndege ya kwanza ya KIA, uwanja wa Kilimanjaro, inayoruka saa 1:00 asubuhi. Viti vitatu havijauzwa. Orodha ya standibai ina watu 14. Wiki hii Wachaga wote wa Dar wanarudi nyumbani, wakiwemo wanaofanya kazi kwenye ndege.

Majirani wanaamini sisi tunapanda ndege bure. Ukweli ni kwamba tiketi tunazo, viti hatuna. Ipo ID90, ambayo unalipa asilimia 10 ya nauli. Ipo ZED, makubaliano ambayo mashirika huchukuliana wafanyakazi kwa bei ndogo inayopangwa kwa umbali wa safari. Zote hizo ukiandikiwa standibai, unakuja na begi lako, unakaa pembeni mpaka abiria wa kulipia wa mwisho apite. Kilichobaki ndicho mnachogawana, na mgao wake ulishaandikwa kabla hujatoka nyumbani.

Saa 11:30

Wameanza kufika. Namjua kila mmoja, na hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Yupo fundi wa injini na mkewe na watoto wawili, wako likizo. Yupo binti mhudumu wa ndani, hajamaliza mwaka kazini, macho yamevimba kwa kulia; baba yake amelazwa KCMC tangu jana. Yupo mzee mstaafu aliyeanza kazi 1979, miaka miwili tu baada ya East African Airways kuvunjika, amevaa koti na tai kana kwamba anaingia ofisini. Na yupo bibi mmoja mwenye kitenge, na kiroba cha nazi na dagaa miguuni, mama mzazi wa kijana wetu wa mizigo.

Kila shirika lina mpangilio wake. Wa kwetu unakwenda hivi. Abiria wa kulipia aliyeachwa na ndege iliyotangulia anatangulia mbele ya wafanyakazi wote. Kisha mfanyakazi mwenye msiba au mgonjwa mahututi. Kisha walio kwenye likizo ya mwaka pamoja na mume au mke na watoto wao, halafu wafanyakazi wanaosafiri kwa mambo yao tu, wastaafu, na wazazi wanaosafiri peke yao. Wa mashirika mengine wanafuata, na marafiki wako chini kabisa. Walio daraja moja wanatenganishwa na tarehe ya kuajiriwa.

Saa 12:20 asubuhi

Nafunga kaunta. Wawili waliolipa hawakutokea, kwa hiyo viti ni vitano. Viwili vinakwenda kwa abiria walioachwa jana usiku. Vimebaki vitatu, na familia ya fundi tayari imesimama.

Redio inaniita. Taarifa ya hali ya hewa ya KIA inaonyesha wingu la chini, na rubani ameongeza mafuta ili akishindwa kutua awe na ya kufika kiwanja kingine. Mafuta ni kilo, na kilo ni watu na mabegi yao. Ndege yetu ya pangaboi haina uzito wa kuchezea. Jibu linarudi: ongeza mtu mmoja tu.

Namwita binti wa KCMC. Amewapita wenye miaka 20 kazini na hakuna anayeguna. Namsifu sana aliyeiweka kanuni hiyo juu. Ila ndege inaondoka na viti viwili vitupu, na kupitia kioo kila mtu anaviona. Naeleza habari ya uzito mara tatu. Mke wa fundi ananisikiliza kwa heshima, lakini naona hajaniamini.

Saa 3:15

Chai na chapati mbili kwa mama ntilie wa nje ya uzio. Niko na kijana anayejifunza kazi, na amejaa maswali. La kwanza ni ile video ya Chicago. Aliambiwa mtaani kwamba yule abiria daktari alikokotwa kutolewa kwenye kiti chake ndegeni ili wafanyakazi wakatembee.

Namweleza nilivyoielewa. Ilikuwa tarehe 9 Aprili 2017, ndege ya United Express namba 3411 kwenda Louisville. Wale wanne waliotakiwa kupata viti walikuwa wahudumu na marubani waliotumwa kuhudumia ndege nyingine huko waendako. Aliyetumwa kikazi ana kiti kilichothibitishwa, hayumo kwenye orodha yetu kabisa. Mtu wa standibai hawezi kumtoa abiria aliyekwisha kukaa. Kilichofanyika siku ile kilikuwa kibaya hata hivyo, nami siwezi kukitetea. Nataka tu asije akachanganya mambo hayo mawili mbele ya abiria mwenye hasira.

Swali lake la pili ni zito zaidi: kwa nini tarehe ya kuajiriwa, na si aliyewahi kujiandikisha? Namwambia njia zote mbili zinatumika. Mashirika ya Marekani, Delta na United, yanaangalia tarehe ya kuajiriwa. Wenzao American wanakwenda na muda wa kujiandikisha: saa 24 kabla ya safari unabonyeza simu, na aliye daraja moja nawe akikutangulia dakika moja amekupita.

Yeye anaipenda hiyo ya pili. Namwelewa, ana miezi minne kazini. Mimi naikataa. Dakika ile ya kubonyeza simu, fundi yuko chini ya bawa na mikono ya grisi, na kijana wa mizigo yuko ndani ya tumbo la ndege. Anayewahi ni sisi tuliokaa mbele ya kompyuta. Tarehe ya kuajiriwa ina ukali wake, lakini haimpendelei mtu kwa sababu ya mahali alipopangiwa kufanya kazi.

Saa 6:30 mchana

Ndege ya saa 7:10. Wingu limeondoka, uzito unaruhusu, viti vinne viko wazi. Fundi na familia yake ni wanne kamili. Tayari nimeshika pasi zao mkononi, nachapa ya mwisho, na hapo dada mmoja anaingia mbio. Alikwama foleni ya Tazara. Kaunta ilikuwa imebakiza dakika mbili kufungwa na tiketi yake ni ya kulipia. Kiti ni chake.

Vimebaki vitatu. Namwita fundi pembeni. Ana hiari mbili: familia nzima ingoje, vitatu viende kwa wanaofuata, au wagawanyike. Watoto peke yao siwezi kuwapandisha. Hafikirii hata sekunde tano. "Mama na watoto watangulie." Mdogo analia anapoona baba hageuki kuja. Fundi anawapungia mkono mpaka mlango unafungwa, kisha anarudi benchi na kukaa karibu na bibi mwenye kitenge, anamfungulia chupa ya maji.

Saa 10:40 jioni

Shifti yangu ilikwisha mchana, nimeombwa kubaki. Ndege ya saa 11:15 imejaa mpaka kiti cha mwisho. Naliambia benchi mapema wasije wakajipa matumaini bure. Mwanawe bibi anakuja kutoka rampu na fulana ya kung'aa, amemletea mama yake chipsi. Ananiuliza kwa sauti ya chini kama kuna namna. Angekuwa anasafiri naye, mama angehesabiwa pamoja na mwanawe na kupanda daraja. Lakini yeye ndiye anayepakia ndege hizi, na ruhusa Desemba haipatikani. Namwambia hakuna namna. Anasema, "Nimekuelewa dada," na narudi kaunta nikiwa nimeumia kuliko kama angenigombeza.

Saa 12:50 jioni

Ndege ya mwisho, saa 1:30 usiku. Viti viwili. Namwita fundi. Namwita mzee mstaafu.

Mzee anasimama, anafunga kifungo cha koti, kisha ananinyooshea pasi yake. "Mpe mama huyu. Mimi nimelala viwanja vingi." Bibi anakataa kwa mikono yote miwili, na watu wanaanza kunitazama mimi.

Ingekuwa rahisi. Lakini kati ya mzee na bibi yuko mama mwingine mstaafu, karani wa zamani, amekaa kimya kona ya mwisho tangu saa mbili asubuhi. Mzee akijitoa, kiti kinakwenda kwa jina linalofuata. Hachagui yeye, wala sichagui mimi. Leo nikimchagua bibi kwa sababu moyo wangu umemwangukia, kesho nitamchagua shangazi yangu, na keshokutwa aliyeniletea mchele. Yule karani hatajua kamwe aliachwa kwa nini. Watu hawa wamekaa benchi kutwa nzima bila kugombana kwa sababu tu wanaamini naisoma orodha ilivyo.

Namweleza mzee. Anatazama kona ile, anamwona mwenzake, anaitikia kwa kichwa. Anamshika bibi mkono, anampa pole, anaingia.

"Kesho nitakuja tena mwanangu," bibi ananiambia. "Nazi haziozi." Nambebea kiroba mpaka kwenye bajaji.

Kitu kimoja lakini nakisema wazi, na nimekiandika kwenye fomu ya maoni zaidi ya mara moja. Familia iliyoandikwa kwenye kanuni ni mume au mke, watoto mpaka umri fulani, na wazazi. Familia hiyo si ya kwetu. Kijana niliyemlea hayumo, kwa kuwa sina karatasi ya mahakama. Shangazi aliyenilipia ada hayumo. Mpangilio wa foleni nautetea popote. Ila nani aruhusiwe kusimama kwenye foleni, hapo naomba waturudishe mezani tuongee.

Saa 3:40 usiku

Nyumbani. Naandika jina langu kwenye ndege ya tarehe 24, ya saa 1:00. Viti viwili havijauzwa, orodha ina watu tisa, mimi ni wa nne. Napasi gauni hata hivyo.

Simu inalia. Kijana wangu alipata kiti kwenye basi la usiku, kile cha nyuma kabisa. "Mama, tumepita Chalinze. Nikufungie ndizi ngapi, au utakuja kula mwenyewe?"

Namwambia afunge.