Yule mlinzi alienda wapi?

Mkataba wa riwaya nimeusaini Jumanne, binamu kaolewa Jumamosi, kazini tumefunga hesabu za nusu mwaka bila mtu kununiana na mwenzake, na pamoja na yote hayo kinachonikosesha usingizi ni mlinzi wa getini.

Si mlinzi wa kweli. Ni yule wa sura ya tatu, ambaye hata jina sikumpa.

Kitindamimba ndiye aliyetangulia kuumaliza mswada. Mnamjua alivyo: kitabu kisipomkamata anakitupa, kikimkamata hasemi kitu. Kwa hiyo nilipoona jina lake kwenye simu moyo ulinipiga, nikajiandaa kusikia habari za Rehema, maana Rehema ndiye riwaya yenyewe. Salamu zikaisha. Akasema:

"Dada, yule mlinzi alienda wapi?"

"Mlinzi gani?"

"Wa getini. Aliyekuwa anamsubiri mwenzake aje kumpokea zamu."

"Yule ana kurasa mbili tu."

"Ndiyo maana nauliza. Mwenzake alikuja?"

Nikamwambia sijui. Akacheka sana. "Hujui vipi, na wewe ndiye uliyeandika?" Nikaona bora nimuulize mwenyewe: na Rehema je, umemwonaje? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Rehema? Yuko sawa."

Yuko sawa! Ndivyo mtu anavyojibu ukimuuliza kuhusu kiti alichokalia. Nimeirudia kauli hiyo nikipiga mswaki, nimeirudia kwenye kikao cha hesabu, nimeirudia harusini bwana harusi akiwa anatoa hotuba. Kila nikiirudia nasikia zaidi kile kimya kilichoitangulia. Kitindamimba hana unafiki, angekuwa nao angetafuta neno zuri zaidi.

Siku mbili za kwanza nilimkasirikia. Nilijiambia kwamba huyu anasoma kwenye simu, anasoma amelala, amezoea hadithi za haraka haraka. Rehema nimempa utoto, nimempa msiba, nimempa barua za mama yake. Sura ya saba yote ni kisengerenyuma, hadithi inarudi nyuma kwenye yaliyopita, imejaa mikono inayotetemeka na koo linalokauka. Wasemao "onyesha, usieleze" wangenipa alama zote. Mlinzi nimempa nini? Kofia na geti.

Usiku wa tatu nikafungua sura ya tatu, kwa nia ya kumfuta, ikibidi kusema ukweli.

Nikasoma zile kurasa mbili na hasira ikaanza kunitoka. Yule bwana anataka kitu. Anataka kwenda nyumbani. Zamu yake imekwisha, mwenzake kachelewa, na huyu binti aliyesimama mbele yake anamuuliza habari za miaka iliyopita. Rehema anasema, "Ulikuwepo siku mama yangu anaondoka?" Yeye anasema, "Umepishana na mtu mwenye baiskeli huko barabarani?" Anamuuliza tena, anajibiwa nusu, huku jicho liko njiani. Na katika ile nusu ndimo inamoponyoka habari ya sanduku, ile inayobeba nusu ya pili ya riwaya. Hakukusudia kuisema. Alikuwa anataka binti aondoke.

Kisha nikaenda sura ya saba. Rehema anaulizwa swali na shangazi yake, anajibu. Anaulizwa jingine, anajibu, kwa sentensi kamili, kwa mpangilio, hisia zikiwa zimetajwa kwa majina yao. Hakuna anachokitaka chumbani mle isipokuwa kueleweka na msomaji.

Kuna barua ambayo Chekhov, yule mwandishi wa Kirusi, alimwandikia kaka yake Alexander mwaka 1886. Kila anayefundisha uandishi huitaja kwa sababu ya kile kipande cha chupa kinachometa, kwamba ukikiweka hicho utakuwa umepata usiku wa mbalamwezi. Mimi mwenyewe nimekitaja hapa zaidi ya mara moja. Ila barua haiishii kwenye chupa. Anaendelea kusema kwamba hali ya moyo wa mhusika ni bora usiielezee kabisa, ijulikane kwa matendo yake. Watu wanabeba chupa na kuacha hilo, labda kwa sababu chupa ni rahisi. Mikono inayotetemeka si tendo. Mtu hatetemeki kwa sababu anataka kupata kitu.

Basi nikajaribu. Sikugusa msiba wala barua. Nilichofanya ni kumpa Rehema haja ndogo: ufunguo wa chumba cha nyuma uko mfukoni mwa shangazi, na Rehema anautaka kabla watu hawajarudi. Mazungumzo yakabaki yale yale kwa mada, maswali yale yale ya shangazi, lakini sasa kila jibu lina kazi. Sura ikapungua karibu nusu. Na alipoulizwa kama bado anamkumbuka mama yake, Rehema akasema hapana.

Alidanganya! Sikuwa nimempangia. Nilikaa nikaitazama ile "hapana" kwenye skrini nikacheka peke yangu hadi mwenye nyumba akaja kuchungulia kulikoni. Shuleni tulikariri wahusika bapa, wale wa sifa moja tu, na wahusika duara, tukajaza karatasi za mtihani, na nadhani wengi wetu tulitoka tukiamini kwamba duara ni yule mwenye maelezo mengi. E. M. Forster, aliyeleta mgawanyo huo katika mihadhara yake ya Cambridge mwaka 1927, kipimo chake kilikuwa kingine: je, mhusika anaweza kukushangaza, nawe ukamwamini? Rehema ana kurasa mia tatu na ushei, na hii ndiyo mara ya kwanza ananishangaza mimi.

Nikampigia Kitindamimba kumweleza. Akasikiliza yote, akasema vizuri, Dada, kisha akauliza, "Lakini mlinzi atarudi?"

Hapana, harudi. Na hapa simfuati. Nikimrudisha itabidi nimpe kazi: aje na ushahidi mwishoni, au awe ndugu aliyepotea, na papo hapo ataanza kusema yale ninayotaka mimi aseme. Sasa hivi hana habari kwamba yumo kwenye riwaya ya mtu mwingine. Nimwache hivyo. Mwenzake aliyechelewa simjui na sitamjua.

Mlioniuliza kuhusu mkataba, kwa ufupi: Mjomba aliusoma akanionyesha kwamba asilimia 10 ya mirabaha, yaani malipo yangu kwa kila nakala inayouzwa, ni ya mapato halisi, si ya bei ya jalada. Duka likipewa punguzo la asilimia 40, yangu inabaki 6 ya bei ile inayosomeka nyuma ya kitabu. Hilo hawakulibadilisha. Haki za kitabu cha kusikiliza zimebaki kwangu, na kuna kifungu cha kunirudishia haki zote kitabu kisipopatikana tena sokoni. Kazi siachi, msiulize tena. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987 na Nobel ikaja 2021, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Kent. Mimi hata Nobel siidai, nadai mwisho wa mwezi tu.

Tarehe ya kurudisha mswada iko karibu na zimebaki sura za katikati, ambamo Rehema bado anajibu maswali kama alivyoulizwa. Nitaanza na ile ya daktari.

Kijana wangu, lakini. Tangu ahamie shule mpya, nikimuuliza anakaa na nani darasani ananisimulia ratiba ya vipindi. Jana nilimuuliza tena wakati anavua viatu, akasema hesabu sasa ni saa ya kwanza. Nitamuuliza baba yake kama kwake amesema lolote.