Siku yangu kwenye treni za New York

Saa 10 na nusu alfajiri
Naishi Bronx, wilaya ya kaskazini ya jiji, karibu na Fordham Road. Kazi ya kwanza ni usafi wa ofisi karibu na Fulton Street, kule kusini mwa Manhattan. Treni namba 4 kwetu hupita juu ya nguzo, ikishapita uwanja wa Yankee ndipo inazama ardhini. Mchana huruka vituo vingi vya Manhattan, ila saa hizi husimama kila kimoja, kwa hiyo nawahi kutoka. Subwei, yaani treni hizi za ndani ya jiji, hutembea saa 24, lakini ya usiku si ya mchana.

Wageni huniambia, "Dada, nimepanda ya kijani." Kijani ipi? 4, 5 na 6 zote ni za kijani kwa kuwa zinapita Lexington Avenue. Shika namba, rangi iache. Kwenye ramani, vituo vya alama nyeupe ndiko ekspresi, zile zinazoruka vituo, husimama. Vyeusi ni vya zile za pole pole, zinazosimama kila kituo. Na kabla hujagusisha kadi, soma mlangoni: Uptown (kaskazini) au Downtown (kusini)? Vituo vingine ukiingia upande usio wako, huvuki mpaka utoke tena barabarani.

Saa 6 mchana
Narudi na 4, sasa ekspresi, hadi Grand Central. Naipenda saa hii, watu wamepungua.

Hapa mambo hubadilika kabisa. Naenda White Plains, mji ulio kaskazini mwa New York, kumhudumia bibi mmoja, na huko ni Metro-North, treni za kwenda miji ya nje. Subwei nauli ni moja hata uende mwisho wa reli. Hii hulipwa kwa umbali na kwa saa. Zinazotoka mjini jioni watu wakirudi makwao ni ghali zaidi, mimi naondoka mchana kwa nauli nafuu. Kadi ya subwei haifanyi kazi. Nunua tiketi kabla ya kupanda, maana ndani ya behewa kondakta hukuuzia kwa bei ya juu. Ratiba nayo iheshimu: ikikuacha, ya kufuata si ya dakika tano.

Laini za Metro-North zinazotoka Grand Central ni tatu, Hudson, Harlem na New Haven. Yangu ni Harlem.

Saa 2 usiku
Bibi ameshakula. Natafuta treni inayosimama Fordham, maana nyingine hupitiliza moja kwa moja hadi kituo cha Harlem kule Manhattan, kisha Grand Central.

Kesho Jumamosi, siku za matengenezo. Nikifika nyumbani nitaangalia kwenye simu kama 4 itafika Manhattan au tutapakiwa kwenye mabasi.