Nilivyoshuka kwa miguu kutoka Kalinzi mpaka Mwamgongo ziwani

Sisi wa Kigoma mjini tukisikia habari ya kutembea milimani tunawaza Gombe tu, na Gombe tunajua unapanda boti pale Kibirizi, unalipa kiingilio, unapewa muongozaji, unaona sokwe unarudi. Mi nimekulia Mwanga miaka yote na sikuwahi kujua kwamba nyuma ya ile milima, upande wa mashariki, kuna njia za miguu zinazotoka kwenye mashamba ya kahawa kule juu Kalinzi zinashuka mpaka kijiji cha Mwamgongo, Ziwa Tanganyika, na watu wanazipita na mzigo kichwani kama sisi tunavyopita barabara ya Lumumba mjini. Nimeipita mwezi wa sita 2024, na naeleza nilivyofanya kwa sababu mara ya kwanza nilishindwa, na makosa yenyewe mtu mwingine anaweza kuyakwepa kabisa.

Ile mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa nne. Kuna kijana aliniahidi atanipeleka, nikamtumia advansi kwa simu, siku yenyewe nimefika Kalinzi simu yake haipatikani mpaka leo. Nikasema basi naenda mwenyewe na ramani ya simu. Sasa ramani ya simu inakuonesha barabara ya lami ya Mwandiga kwenda Manyovu vizuri, ukitoka hapo inakuonesha kijani tupu, wakati ukiwa pale chini unaona njia kumi zote zinafanana, hii inaenda kisimani, hii inaenda kwa mtu, hii inaishia kwenye mgomba. Na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ule udongo mwekundu ukilowa unashika kwenye soli mpaka kila mguu unakuwa mzito kama umefungwa tofali, unasimama unakwangua na kijiti, hatua ishirini umerudi vilevile. Saa saba mchana nikatokea katikati ya maharage ya mtu. Mwenyewe alikuwa anapalilia, akanisalimia vizuri tu, akaniambia "Hapa hakuna njia baba, hapa ni kwangu." Akaacha jembe lake akanirudisha mpaka barabarani, nusu saa nzima, na hela alikataa.

Nilivyorudi mwezi wa sita nilianza na kusalimia. Nilitoka Mwandiga na mchomoko, yale magari madogo ya abiria, mchana, nikachukua chumba Kalinzi, jioni nikaenda ofisi ya kijiji nikajitambulisha mi ni nani natoka wapi nataka nini. Hapo ndo nikaambiwa neno lililonisaidia kuliko yote, kwamba nisihangaike kutafuta muongozaji, nitafute mtu anayeshuka na mzigo. Kesho yake kina mama watatu walikuwa wanashuka na maharage. Nikapelekwa kwa mmoja wao, mtu mzima, kwa kumkadiria kama miaka sitini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. We ndo unataka kwenda Mwamgongo kwa miguu? Una mgonjwa huko?"

"Hapana mama, nataka kuijua njia."

Akanyamaza kidogo akaangalia viatu vyangu. "Hivyo vitakuumiza vidole tukianza kushuka. Kata kucha leo leo, na kesho kamba ufunge hapa juu kwenye kifundo." Tukakubaliana namlipa kiasi na namsaidia kubeba debe nusu la maharage kwenye begi langu.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi na ilikuwa giza totoro, maana huku kwetu magharibi jua linachelewa, mwezi wa sita linachomoza karibu saa moja, kwa hiyo anayekuja kutoka Dar asijipangie kwa saa ya huko. Kuna baridi ya kweli kule juu, ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari wakati ziwa liko kama 770, kwa hiyo mjini unatoka na tisheti unafika kule unatafuta sweta. Saa ya kwanza ni kahawa na migomba mtupu. Kahawa inapandwa chini ya migomba ipate kivuli, na njia inapita katikati, majani ya migomba yana umande unalowa mpaka mabega. Kila tunayekutana naye ni mwakeye, mwakeye, ndo salamu ya Kiha, na yule mama hakupita nyumba hata moja bila kusimama kuulizia watoto. Mwanzoni niliona tunachelewa. Baadae nikaelewa kwamba ile ndo ruhusa yenyewe ya kupita, maana njia inakatiza uwani kwa watu, kwenye mashamba yao, kuna mahali inapita kati ya jiko na banda la mbuzi.

Sehemu moja walikuwa wanachuma. Mama akachukua punje moja nyekundu kabisa akaibinya mbele ya macho yangu kwa vidole viwili, zikaruka mbegu mbili zinateleza kama sabuni, akaniambia nilambe. Tamu! Mi nimekunywa kahawa ya baraza Ujiji tangu utoto na sikujua kwamba tunda lake ni tamu. Akanionesha na ya kijani iliyochumwa kabla ya wakati, akaminya haikutoa mbegu, akasema hiyo ikichanganywa inaharibu gunia zima na kwenye chama cha msingi wanairudisha.

Baada ya hapo migomba inapungua, unaingia kwenye mihogo na maharage kwenye miteremko mikali mno, wamepanda matete mistari mistari kuzuia udongo. Wazee wanakwambia kuna vilima vilikuwa vimebaki vipara. Kuanzia 1994 mradi wa TACARE wa taasisi ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, ulianza kusaidia vijiji vya kuzunguka Gombe na vitalu vya miti, na mimi kwa macho yangu naona tofauti kati ya kilima chenye miti na kile kilichoachwa, kile kilichoachwa kina makorongo mekundu kama kimechanwa.

Juu kabisa ya safu ndo tulipumzika, kama saa tano. Hapa zingatia sana: mkono wa kushoto ukielekea ziwani ni msitu wa Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, na kule huingii bila kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hata hatua kumi za kwenda kujisaidia. Kina mama wanajua mpaka uko wapi bila kibao. Mbele ni Ziwa Tanganyika, ila milima ya Kongo sikuiona kwa sababu ya moshi wa kiangazi, watu wanachoma mashamba. Nilikaa pale nikalitazama ziwa nililolizoea tangu utoto, sikuwahi kulitazama kutoka juu namna ile. Lilikuwa kimya, jeupe, halina mwisho.

Sasa kushuka. Watu wanaogopa kupanda, mi nasema ogopa kushuka. Unashuka karibu mita 700 kwa masaa machache na chini ni changarawe iliyofunikwa na majani makavu ya miombo. Niliteleza mara mbili, ya pili nikachubuka kiganja. Yule mama na ndoo yake kichwani juu ya ngata na yeboyebo miguuni hakuteleza hata mara moja, nikamwomba anioneshe. Akashusha ndoo, akanionesha taratibu: mguu unauweka upande, usiuelekeze mbele, goti linalegea kidogo, unakanyaga kwenye mzizi au jiwe lililozama, majani unayakwepa, na hatua fupi fupi. "Ukitaka kufika haraka ndo utafika umebebwa," akasema. Nilifanya hivyo mpaka chini na magoti yangu yalinishukuru. Na kucha zile nilizokata, kweli, vidole vilikuwa vinagonga mbele ya kiatu kila hatua, zingekuwa ndefu zingeng'oka.

Michikichi inapoanza ujue umekaribia, na joto linakupokea kama umefungua oveni. Tuliingia Mwamgongo saa tisa hivi. Nilikuwa nimejiandaa kuona dagaa wameanikwa kwenye mchanga pwani nzima kama ilivyo kawaida, nikakuta mchanga mtupu na vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia, vimevutwa juu, maana ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Nilikuwa nimesikia redioni ila sikuwa nimeielewa mpaka nilipokaa pale. Kina mama wale kawaida wanashuka na maharage na ndizi wanapanda na dagaa, safari ile walikuwa wanapanda na mawese, na mama akaniambia faida imekuwa nusu. Hata hivyo wanashuka, kwa sababu chini watu wanakula. Usiku tulikula ugali wa muhogo na maharage yale yale niliyobeba mgongoni, yameungwa kwa mawese, na ziwa lilikuwa giza kabisa, hakuna taa hata moja ya wavuvi.

Kurudi mjini nilipanda boti asubuhi. Hili lijue mapema: boti za abiria zinashuka kwenda Kibirizi asubuhi na zinapanda kurudi vijijini kuanzia mchana, kwa hiyo ukifika Mwamgongo jioni utalala, panga kabisa, usije na mpango wa kurudi siku hiyo hiyo. Beba maji ya kutosha kwa sababu baada ya mashamba hakuna pa kununua, mi nilibeba lita tatu zikaisha nikiwa bado natelemka. Fimbo ndefu inasaidia. Na ukienda nenda kiangazi, mvua zikianza ile sehemu ya udongo mwekundu mi siirudii.

Yule mama tuliagana alfajiri, alikuwa anajifunga kitenge na dumu la mawese liko pembeni. Aliniuliza kama mwezi wa nane mwishoni nitakuja, dagaa wakirudi, maana atahitaji mtu wa kumbebea. Nikamwambia ndiyo.