Matema uende mwezi gani? Pasaka hapana aisee

Kila mwaka Pasaka ikikaribia simu yangu inajaa meseji, watu wa Dar, wenzangu wa hapa Mbeya mjini, wote swali moja, oya tunashuka Matema, ule ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Kyela, wikendi hii vipi hali ya hewa? Nawajibu msiende. Wanaenda. Jumatatu wanarudi na matope mpaka magotini, siku tatu wamecheza karata gesti na ziwa wameliona kwenye dirisha.

Siwacheki sana maana na mimi nilianza hivyo hivyo. Safari yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa nne, nikasema Mbeya baridi inanitesa, ngoja nikaoge jua. Usiku wa kwanza mvua ikaanza kama saa nane, ile ya kwenye bati ambayo mkiwa chumba kimoja hamsikilizani, asubuhi bado, mchana ikapumzika kidogo, nikavua shati nikaenda ufukweni, sijakaa hata nusu saa ikarudi tena. Nilichojua mimi ni kwamba sehemu ya joto yenye mchanga lazima iwe na jua. Kumbe wapi.

Shida ni ule mlima. Matema iko kwenye kona ya juu kabisa ya Ziwa Nyasa, na hapo hapo Milima ya Livingstone imesimama wima, yaani mlima unaanzia majini, hakuna hata vilima vya kukuandaa. Sasa upepo wa kusini, wavuvi wanauita mwera, unatembea juu ya ziwa mamia ya kilomita unakusanya unyevu, ukifika kwetu unakuta ukuta mbele na Mlima Rungwe pembeni, hewa haina pa kwenda zaidi ya juu, ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga. Ndo maana Tukuyu, mji ulio kwenye miteremko ya Rungwe, inapita milimita 2,000 za mvua kwa mwaka wakati sisi wa mjini huku nyuma ya milima tunapata kama nusu yake tu. Na ndo maana Kyela mvua inagoma kuisha, mwezi wa tano Mbeya tumeshaanza kula vumbi wao bado wanaangalia mito kama itabaki ndani ya kingo zake.

Mwezi wa sita mpaka wa nane watu wananiambia sasa si kiangazi? Ni kiangazi ndio. Ukitoka Uyole umevaa koti, pale Isyonje ukungu hadi konda wa kosta anafunga kioo bila kuambiwa, halafu unaanza kushuka, chai za Katumba, migomba, unavua koti, unavua sweta, ukifika Ipinda umebaki na singlendi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, ziwa liko kama 475, mwili unaelewa kabla hujaangalia ramani. Hali ya hewa tamu kweli, usiku shuka moja linatosha. Ila mwera ndo msimu wake, kuna siku ziwa linachafuka mawimbi kama ya bahari na mitumbwi yote inavutwa juu mchangani, na kama ulipanga kwenda Ikombe kwa mtumbwi kununua vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huko, basi utavinunua sokoni Lyulilo uwe mpole.

Desemba sio mbaya kama watu wanavyosema. Joto linanata, mbu wapo wa kutosha (chandarua usiache, nasema tena usiache), lakini asubuhi mara nyingi kuna jua, radi zinakuja jioni, na maembe yamejaa hadi unaona aibu kuuziwa.

Mimi nikichagua, mwezi wa tisa hadi katikati ya wa kumi. Maji yametulia, yana joto, barabara kavu. Kasoro yake ni moshi, watu wanachoma mashamba kila upande na hewa inakuwa na ukungu wa kijivu, kwahiyo picha ya milima usitegemee. Ukitaka milima imekatika vizuri kama imechorwa, njoo mwishoni mwa mvua, lakini ubahatishe.

Utabiri wa kwenye simu usiuamini sana, wa kwangu mara nyingi unaonyesha wingu na jua nusu nusu, mwaka mzima. Mama ninayefikiaga kwake anaanika kakao uani, yeye asubuhi anatoka anaangalia mlimani, wingu likiwa limelala katikati ya mlima haaniki hata kama jua linawaka. Mwaka juzi nilimbishia. Nikamwambia mama leo kavu, simu imesema. Akanijibu, "Haya mwanangu, anika wewe."

Saa saba mchana nilikuwa nakimbizana na mikeka, yeye amekaa barazani anakunywa chai.