Hilux ya 3L: stadi ya manifoldi imetoka, ekzosi mpya imefungwa

Wadau, imetoka! Stadi (boliti isiyo na kichwa) ya nyuma kwenye flenji, yaani bamba la kuungia, ya manifoldi inayokusanya moshi wa injini, ile iliyokatika usawa wa chuma nati ilipoanza tu kuzunguka, imetoka nzima na uzi wa manifoldi ni mzima. Nina furaha ambayo mke wangu haielewi, ila nyinyi mtaielewa.

Kwa ambao hawakufuatilia: gari ni Toyota Hilux LN106 ya 1994, injini ya 3L isiyo na tabo, na imeishi Tanga miaka mingi. Bomba la mbele lilikuwa kiraka juu ya kiraka, na sailensa ukiigonga kwa kidole inadondosha kutu. Watu wengi hapa wanalaumu chumvi ya bahari peke yake. Chumvi inakula nje, lakini sailensa nilipoipasua kwa grenda, nje palikuwa na nafuu kuliko ndani. Kila lita ya dizeli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, kama mvuke. Gari la safari fupi za mjini halipati moto wa kutosha kuyakausha, kwa hiyo yanatulia kwenye sailensa, yanachanganyika na salfa iliyomo kwenye moshi na kuwa asidi. Ndiyo maana sehemu ya nyuma huoza kabla ya bomba la mbele lililo karibu na moto. Nikasema viraka basi, tunabadilisha yote.

Nyuma sina la kusimulia, grenda na diski ya milimita 1 vilimaliza kazi. Shida yote ilikuwa pale juu.

Stadi ilikuwa imeliwa shingoni, pale nati inapokutana na flenji, ikabaki nyembamba sana. Kung'oa manifoldi nzima niipeleke mezani nilikataa, maana stadi zake za kwenye silinda hedi zina umri uleule. Ungeenda kutafuta tatizo moja ukarudi na mengine manne. Kutoboa kwa keekee nako nilikusita. Stadi ni ngumu kuliko chuma cha kusubu cha manifoldi, kwa hiyo biti ikiteleza kidogo inakimbilia upande laini na kuharibu tundu. Kwa uzi wa M10 x 1.25 unahitaji tundu la milimita 8.8 lililonyooka katikati, nami nimelala chali chini ya gari. Na zile ekstrakta (vyuma vya kung'olea stadi iliyokatika) za kupigilia kwa ndani sizitaki kabisa! Zimekaushwa ngumu mno, na ikikatikia ndani hakuna biti ya kawaida itakayoigusa tena. Afadhali stadi iliyokatika peke yake kuliko stadi yenye ekstrakta tumboni.

Nikailowesha usiku baada ya usiku kwa mchanganyiko wa ATF (mafuta ya gia ya otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu. Haikutikisika. Nilipotulia nikaona kwa nini: kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo nafasi yote kati ya nyuzi imejaa na kushindiliwa. Mafuta hayana pa kupita. Kupasha manifoldi kwa gesi kulisaidia kidogo tu, kwa sababu chuma cha kusubu na stadi vinatanuka karibu sawasawa. Kinachotakiwa ni stadi ipate moto peke yake. Ikitaka kutanuka inabanwa na manifoldi iliyo baridi, inajiminya na kuiponda kutu, halafu ikipoa inasinyaa na kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Ukichomelea nati juu yake unapata moto huo na mahali pa kushika spana kwa mpigo mmoja.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo nati zilikuwa zinabanduka kila nikivuta, hadi hasira zikanipanda. Masizi ya dizeli yameingia ndani ya chuma na weldi haishiki. Kilichofanya kazi ni hiki: kusugua uso wa stadi hadi ung'ae, kuweka washa kwanza na kujaza weldi kupitia tundu lake, kisha nati juu ya washa. Fundi jirani alinipa rodi za kuchomelea za 7018 zilizokaushwa vizuri na tofauti ilionekana palepale. Betri na nyaya za alteneta fungueni kabla ya kuchomelea, daiodi hazivumilii mchezo huo. Wekundu ulipotoweka nikagusisha mshumaa pembeni ya stadi. Nta ikayeyuka na kunyonywa ndani, jambo ambalo mafuta yalishindwa. Kisha boksi spana ya pembe sita (ya pembe kumi na mbili hula kona za nati, msininunulie), mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kulazimisha. Ikalia kwiii. Sauti hiyo ndiyo kutu inayokatika. Nikaongeza nta, nikaendelea kuiyumbisha, hadi ikazunguka kwa mkono.

Stadi mpya zimepakwa grisi ya shaba na nati ni za shaba, ambazo hazigandi na chuma.

Bomba ni jeusi la inchi 2. Kubwa zaidi kwenye injini isiyo na tabo sioni faida yake, ni kelele tu. Mkiuziwa la maji lenye zinki, likataeni. Moshi wa zinki wakati wa kuchomelea unampa fundi homa. Kona tulizikunja kwa moto, bomba likiwa limeshindiliwa mchanga ili lisibonyee. Mchanga ukaangwe kwanza ukauke kabisa, kwa sababu unyevu ukifungiwa ndani ya bomba la moto unageuka mvuke na kulipasua.

Mpango ulikuwa kupaka rangi ya kuhimili joto. Sikupaka. Bomba la mbele likiwa bado mezani nilipata wazo la kuchomelea nati ya kipimajoto karibu na flenji, nione moshi una nyuzi ngapi za joto gari likiwa na mzigo. Pistoni ni aluminiamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660, na pampu yangu nadhani inamwaga dizeli kupita kiasi. Nati ipo, imezibwa kwa boliti, natafuta waya wa kupimia joto wa aina ya K.

Nimeziba mkia kwa kitambaa, nikapuliza kwa kompresa na kupaka povu la sabuni. Hakuna hata kiungo kimoja kilichotoa mapovu. Jumamosi napandisha mzigo kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za kona na mlima, kisha gari likipoa nakaza upya nati za flenji, maana gasketi mpya hushuka ikishapata moto.