Hii taa yafuata adhana ya wapi?

Tende mbili zilikuwa zimeshaliwa, uji wa pilipili manga umeshamiminwa vikombeni, na baraza zima lilikuwa giza. Jirani mmoja akawasha tochi ya simu tuone bakuli la mihogo ya nazi liko wapi. Mama akaitazama balbu juu ya kichwa chake, akanigeukia.

"Hii taa yako, mwanangu, yafuata adhana ya wapi?"

Watu wakacheka mkekani. Mimi pia nikacheka, lakini haya nilizipata. Mimi ndiye niliyeitia taa hiyo akili, na mimi ndiye niliyemwahidi kwamba magharibi ikiingia hatanyanyuka tena kwenda kubonyeza swichi. Ilikuwa Machi 3, 2025, siku za mwanzo za Ramadhani, nyumbani kwetu Chumbageni, Tanga. Taa iliwaka saa 2:44 usiku, waliofuturu wameshaondoka kwenda tarawehe.

Mambo yalianza Desemba 2024. Kaka yangu, ambaye anaishi London, alikuja likizo na spika ya kuamrisha kwa sauti aliyoitumia kwake miaka miwili, pamoja na balbu mbili za waifai, za pini, ambazo ziliingia kwenye holda zetu bila maneno. Mama ana magoti mabovu. Fundi aliyejenga nyumba hii, Mungu amrehemu, aliiweka swichi ya taa ya baraza nje, karibu na geti, na hadi leo sijui alikuwa na hesabu gani. Kila jioni mama hushuka vidato vitatu, huwasha, hupanda vidato vitatu. Kaka akasema hilo tunalimaliza leo.

Hatukulimaliza siku hiyo. Balbu ilikataa kabisa kuingia kwenye waifai, na kosa lilikuwa dogo. Rauta yangu hutoa mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, yote kwa jina moja, na balbu za namna hii zinayajua ya 2.4 tu. Nikaingia kwenye mipangilio ya rauta, nikayapa majina mawili tofauti, simu nikaiunganisha na lile la 2.4, balbu ikaingia mara ya kwanza. Spika nayo ilikuwa ikitaja saa za London, saa tatu nyuma yetu. Nikafungua programu yake kwenye simu, nikabadilisha majira nikachagua Nairobi, kwa kuwa saa yao na yetu ni moja. Ikataja saa sahihi. Kisha tukatengeneza ratiba: jua likizama, washa taa ya baraza, saa 5 usiku, zima.

Jioni hiyo taa iliwaka saa 12:57, kama dakika ishirini baada ya adhana. Mama akasema afadhali, maana adhana ikiisha mbingu bado ina mwanga. Nami nikajisifu kwamba kifaa kina busara ya kusubiri giza lenyewe liingie. Kaka akarudi London.

Januari umeme wa mtaani kwetu ulikuwa na tabia ya kukata na kurudi, kukata na kurudi, ndani ya nusu dakika. Nyumba nyingine huhofia friji. Kwetu balbu ya baraza ndiyo iliyopata wazimu: umeme ukitulia, yenyewe inapepesa, waka-zima, waka-zima, haisikii simu wala spika. Mtoto wa jirani akaja mbio, "Anko, leo kuna disko?" Nikafuta kila kitu nikaanza upya. Baada ya siku tatu, disko tena.

Nilipolielewa jambo hili nilijiona mjinga. Balbu haina kitufe. Ukitaka kuiunganisha upya, unaizima na kuiwasha mara tatu haraka haraka, na hiyo ndiyo ishara yake kwamba mwenye nyumba anataka kuanza upya. Umeme wetu ulikuwa ukiipa ishara hiyo hiyo bila kukusudia. Balbu haikuwa mbovu, ilikuwa inatii.

Nikamwita fundi umeme. Tukakubaliana turudishe balbu ya kawaida, na kazi ya waifai tuipe swichi ndogo yenye ukubwa wa kiberiti, ambayo huunganishwa kwa kubonyeza kitufe chake, kwa hiyo umeme ukichezacheza yenyewe haibabaiki. Fundi akafungua boksi la swichi pale getini, akatikisa kichwa. Ndani mlikuwa na waya wa moto unaoingia na mwingine unaopanda kwenye taa, basi, nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, haipo, na kile kiberiti hakiwezi kuishi bila nyutro. Ndivyo nyumba zetu nyingi zilivyofungwa. Ikabidi akiweke juu darini, taa inakoning'inia, ambako nyutro hupita. Mkononi aliteremka na skrubu zilizoliwa na kutu. Hewa ya bahari hapa haisamehi chuma. (Ukinunua vifaa hivi, mwite fundi afungue boksi kwanza, ununue baadaye. Mimi nilinunua kwanza, na swichi moja nzuri ya ukutani yenye kioo iko kabatini mpaka leo.)

Likaja jingine dogo. Nikimwambia msaidizi, yaani ile sauti ya ndani ya spika, awashe baraza, anajibu kwamba kuna vitu viwili vyenye jina hilo, nataka kipi? Balbu ya zamani ilikuwa imeshatolewa, lakini jina lake lilibaki kwenye orodha ya spika. Nikalifuta, akanyamaza.

Nayaeleza haya ili ujue kwa nini sikushtuka taa ilipoanza kuchelewa. Mwisho wa Januari ilikuwa ikiwaka saa 1:45 hivi. Februari ikapita saa 2. Mimi kila ikichelewa nilikuwa na wa kumlaumu: leo umeme, kesho bando limekwisha, keshokutwa mtandao mzito. Lawama ya bando ilikuwa na msingi kidogo, maana sauti yako haiishii kwenye spika. Inapanda hadi kwenye kompyuta za kampuni huko ng'ambo, inakwenda kwa kampuni ya swichi, ndipo amri inateremka hadi darini kwako. Bando likikatika, spika inabaki pambo la meza.

Mama kwa wakati huo alikuwa ameamua kutokungojea ratiba, anaamrisha mwenyewe. Msaidizi wetu anasikia Kiingereza tu. Nilikuwa nimeandika kwenye programu amri ya Kiswahili, "washa taa", nikitumaini ataizoea. Mama akisema, kimya. Akirudia kwa sauti kubwa, anaimbiwa wimbo asioujua mbele wala nyuma. Nikafungua kumbukumbu ya maneno ambayo spika ilidhani imeyasikia, nikacheka peke yangu: mama akisema "washa taa", msaidizi alikuwa anaandika maneno ya Kiingereza yenye maana ya "osha tai". Nikaacha kubishana naye. Nikaifuta amri yangu, nikaandika yale yale aliyoyasikia yeye, maneno ya kuosha tai, kama amri ya kuwasha taa ya baraza. Toka siku hiyo mama anasema Kiswahili chake, spika inasikia Kiingereza chake, na taa inawaka mara nne katika tano. Sijapata njia bora zaidi ya hiyo.

Ila wakati wa kufuturu mama yuko barazani na spika iko sebuleni, na hakuna anayetaka kupayuka na tende mdomoni. Ratiba ilipaswa kufanya kazi yake.

Mdogo wangu wa kike naye akaongeza utundu wake. Aliweka ratiba ya daku: spika itangaze, "Daku, daku, amkeni". Tukalala tukiitegemea. Tukaamka adhana ya alfajiri inaadhiniwa, tumbo tupu, tukanywa maji ya aibu, hata hayo hatukuyawahi vizuri. Asubuhi, mama amekaa na tasbihi yake, spika ikapaza sauti kwa lafudhi ya Kizungu: dakyu, dakyu, amkeni. Ilikuwa saa 4. Mdogo wangu alikuwa ameambiwa saa kumi, akaandika 10:00. Programu ile huhesabu siku kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa kumi yetu ya alfajiri kwake ni 4:00. Mama akasema, "Mwambieni nimefunga." Sasa tuna karatasi imebandikwa ukutani kando ya spika: saa yetu upande mmoja, saa ya mashine upande wa pili. Yeyote anayegusa ratiba asome kwanza.

Kosa hilo liliniamsha kidogo. Nikajiuliza, huenda na taa ya baraza shida yake si umeme wala bando, ni hesabu. Nikachukua daftari la shule la mtoto, nikaanza kuandika. Machi 3, saa 2:44. Machi 4, saa 2:45. Machi 5, saa 2:47. Machi 6, saa 2:49.

Nilikaa nikiyatazama yale maandishi. Kitu kibovu huharibika ovyo: leo mapema, kesho hakiwaki, keshokutwa kinawaka mchana. Hiki kilikuwa kinasogea kama kinatembea, dakika moja, dakika mbili, tena mbili. Na jua letu halitembei hivyo. Sisi tuko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima magharibi ya Tanga inachezacheza ndani ya nusu saa, kati ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni. Hakuna mwezi ambao jua la hapa linachelewa kuzama kwa kasi ile.

Jibu lilikuwa puani kwangu na bado sikuliona. Ijumaa ile, Machi 7, mama hakwenda popote kwa sababu ya magoti, tulikuwa wawili barazani na taa ya chemli. Kaka akapiga simu ya video kumsalimia. Alikuwa jikoni kwake, meza imeshapangwa, maji na tende mbele yake, akatuambia bado dakika chache. Tukazungumza habari za bei ya nazi. Mara simu yake ya pili ikaanza kuadhini, akasema bismillahi, akanyanyua tende.

Na taa juu ya vichwa vyetu ikawaka.

Nikatazama saa: 2:51. Nikatazama simu. Mama akatazama juu, akatazama simu, hakusema kitu, akaanza kucheka taratibu mabega yakitikisika.

Nilikimbilia sebuleni. Kwenye mipangilio ya spika, majira yalikuwa Nairobi, kama nilivyoyaacha. Nikateremka chini zaidi, mahali ambapo Desemba sikufika kwa sababu saa ilikuwa imeshakuwa sahihi, nikakuta sehemu nyingine kabisa iliyoandikwa anwani ya kifaa. Mtaa wa kaka, namba ya nyumba ya kaka, London. Saa spika iliichukua Nairobi, lakini jua ililichukua kwenye anwani. Desemba jua la London huzama mapema mno, kabla ya saa 10 jioni yao, ambayo kwetu ni karibu saa 1 usiku, ndiyo maana mwanzoni ilionekana kama inapatia. Kadiri siku zao zilivyorefuka, taa yetu nayo ilichelewa. Ningeiacha hadi Juni, kwao jua huzama saa 3:20 usiku, hapa saa 5:20. Yaani spika ingetoa amri ya kuzima saa 5 kamili, ikaja kuwasha dakika ishirini baadaye, na taa ingekesha hadi asubuhi ikila LUKU.

Nilijaribu kuandika anwani yetu. Fomu ilitaka msimbo wa posta, nikauweka, ikaukataa. Nikauweka bila jina la mtaa, ikaukataa. Baada ya robo saa nikaona ninabishana na fomu bila sababu: kwa mtu wa London ratiba ya jua ina maana, kwa sababu magharibi yake huhama kwa saa tano na zaidi kati ya Desemba na Juni. Yetu haihami. Nikaifuta ratiba ya jua, nikaandika 18:20, yaani saa 12:20 jioni, kila siku, nikaihakiki kwenye ile karatasi ya ukutani kabla ya kuihifadhi.

Kesho yake taa iliwaka watu wakiwa bado wanatandika mkeka. Hakuna aliyesema lolote, jambo ambalo lilinikera kidogo, ukizingatia kazi iliyofanyika. Usiku kaka akapiga tena, nikamweleza habari nzima, kwamba kwa zaidi ya miezi miwili baraza la Chumbageni limekuwa likiwaka kwa jua la mtaani kwake.

Mama akaninyang'anya simu. "Ilikuwa yakungoja wewe ufuturu, mwanangu," akamwambia. "Sasa huyu ameshaikataza."