Oktoba Phoenix: ukoka unalala, raigrasi inapandwa

Oktoba ikiingia, mitaa ya Phoenix inanuka samadi. Watu wazima wenye magari ya maana wanamwaga mavi ya ng'ombe mbele ya nyumba zao, tena ya kununua dukani kwa mifuko. Ni msimu wa raigrasi, majani ya bustani yanayostawi wakati wa baridi.

Majani ya kiangazi hapa Arizona ni ukoka, huuhuu tunaoung'oa shambani kwa jembe huku tukiulaani. (Mama aliponiona kwenye video nikiumwagilia, aliuliza kama nina homa.) Ukoka hautishwi na jua, ila usiku ukianza kuwa wa baridi unageuka kahawia na kulala hadi Machi au Aprili. Wenyeji hawapendi kuuona hivyo, basi wanapanda raigrasi juu yake.

Subiri joto la usiku lishuke hadi nyuzi 15 hivi. Ukiwahi, ukoka unaibana miche. Ukichelewa, mbegu zinazubaa. Wiki mbili kabla acha mbolea, punguza maji, kisha nyoa ukoka karibu na ardhi, maana mbegu isiyogusa udongo ni chakula cha njiwa. Kilo 5 hadi 7 zinatosha mita za mraba 100. Nunua raigrasi ya kudumu. Mbegu zake nyingi hutoka Oregon. Ile ya mwaka mmoja ni rahisi, lakini rangi imepauka na inakua mbio, utashinda nyuma ya mashine. Samadi iwe tabaka jembamba tu, ya kushika unyevu.

Halafu maji: kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, udongo wa juu usikauke. Baada ya wiki hivi, chuchumaa asubuhi na mapema utazame usawa wa ardhi. Utaona vijisindano vya kijani, vyembamba kuliko uzi, kila kimoja na tone lake nchani. Usikanyage. Vikifika sentimita 5 au 6 kata, kisu kiwe kikali na udongo uwe umekauka kidogo, la sivyo mashine itang'oa miche mizimamizima.

Mimi napanda mbele tu, kipande kidogo. Sehemu ya maji yetu inatoka mto Colorado, ambao Agosti 2021 serikali ilitangaza rasmi upungufu wake kwa mara ya kwanza. Na huo "udumu" wa raigrasi ni wa kwenye mfuko, kwa jua la hapa haivuki kiangazi: mwaka 2023 tulipigwa siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Tatizo ni ile inayong'ang'ania hadi Juni, ikiuziba ukoka usipate mwanga. Mei ikifika naikata chini kabisa, bila huruma.

Uani nyuma haipo. Majira hayohayo natia sukuma wiki, na majirani zangu Warundi wanakuja kuchuma hadi Aprili.